Nyama Aliyoitaka Mramba

Mbodze ni mbishi. Mimi Hafsa ninayesema hivi nimekuwa nikikaanga samaki kando ya karai lake la mihogo pale Bongwe kwa miaka mingi, kwa hiyo msinikatalie. Ukimwambia mvua inakuja, yeye ataanika nguo. Mume wake alipofariki, shemeji zake wa Mkongani walitaka arudi nyumbani akalime. Alikataa, akabaki na karai lake, akawasomesha watoto wake wawili, Mramba na Mercy, kwa mihogo na pilipili.

Mramba ndiye aliyekwenda mbali. Alipata kazi kwenye meli ya uvuvi iliyokuwa ikitia nanga Korea, na siku moja akampigia mama yake simu huku akicheka. Alikuwa amekula mahali ambapo moto huwekwa katikati ya meza na watu hujichomea nyama wenyewe. "Kisha, mama, unaifunga kwenye jani, unamlisha mwenzako kwa mkono wako." Mbodze alinisimulia habari hiyo mpaka samaki wangu wakaungua.

Meli ikarudi baharini. Haukupita muda, wakala aliyempeleka akapiga simu: Mramba ameanguka majini, ametafutwa, hakuonekana. Basi. Hakuna maiti, hakuna kaburi.

Hapo ubishi wa Mbodze ukaanza upya. Mimi nilisema innalillahi, naye akaninunia siku nzima. Waliomfariji kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, hao ndio aliowapa mihogo ya bure. Kisha Mramba akaanza kumjia ndotoni, shati limeloa, akisema, "Mama, nina njaa." Kwao Mbodze jambo hilo halina mjadala: aliyekufa akikujia akilalamika njaa, anataka haki yake. Shemeji yake Garama alikuja kutoka Mkongani kumwomba amwekee kijana matanga, kisha chakula chake kiwekwe chini, ardhini, kama wanavyopewa koma, wale jamaa waliotangulia, ili atulie.

"Mwanangu hali chini," Mbodze alimjibu. "Aliye hai hupewa mkononi. Na mwenye njaa ni mtu hai, Garama. Umeona wapi maiti akitaka chakula?"

Mwaka wa pili ukaingia. Ndoto hazikukoma, na Mbodze akakonda akabaki macho. Ndipo Mercy, ambaye hufanya usafi katika hoteli moja ya Diani, alipotuambia kwamba kumefunguliwa mkahawa wa Kikorea. Mbodze akaepua karai lake papo hapo.

"Hiyo ndiyo njaa yake," akasema. "Twendeni."

Tulikwenda mchana, Mbodze amevaa leso mpya. Kijana aliyetupokea, jina lake Kheri, alituamkia shikamoo kwa adabu, akauliza tuko wangapi.

"Wanne," Mbodze akasema.

Mercy alinitazama. Nami nikahesabu tena: tulikuwa watatu.

Tukaketi. Kheri akapanga sahani nne, vijiti vya kulia, na vibakuli vingi vya mboga na achari ambavyo hakuna aliyeviagiza. Nikamuuliza nyama imechinjwa na nani, na kama humo ndani hamna nguruwe. "Hii ni ya ng'ombe, mama, na ni halali. Ile nyingine ina jiko lake." Sikumwamini sana, nikavuta wali wangu. Akawasha moto katikati ya meza, akakata nyama kwa mkasi, mkasi hasa kama wa fundi cherehani, kisha akauliza, "Mwenzenu yuko njiani?"

"Yuko njiani," Mbodze akajibu.

Nyama ikaanza kulia juu ya wavu. Juu ya meza palikuwa na bomba la kuvuta moshi, lakini moshi ulikuwa unakwenda kwenye kile kiti kitupu. Nilijiambia ni feni. Nikatafuta feni, na haikuwapo. Nikasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, na sioni haya kusema kwamba niliogopa.

Mbodze hakuwa nasi. Aligeuza nyama kwa vidole, akachagua kipande kilichonona, akakiweka kwenye jani la saladi, akalifunga vizuri. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kile kiti.

"Mramba, chukua mwanangu. Ndiyo hii."

Mkono ukakaa hapo. Mafuta yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Watalii wa meza ya pili wakaacha kula. Mercy alimwambia polepole, "Mama, teremsha mkono," naye akatikisa kichwa kukataa. Mkono ulipochoka, akaushikilia kwa mkono wa pili, akaendelea kungoja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi niliyekuwa nikimwambia kila siku kwamba kijana amekufa, nilijikuta namwomba Mungu amlete kutoka popote alipo, achukue lile jani, niumbuke mbele ya watu wote.

Hakuchukua mtu.

Mbodze akashusha pumzi. Akasukuma kiti chake nyuma, akapiga magoti kwenye vile vigae vinavyong'aa, akaliweka jani chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Kheri alikuja mbio na kitambaa akidhani chakula kimeanguka, akainama kukiokota.

"Kiache, baba," Mbodze alimwambia. "Ni chake."

Kheri ni mtoto wa pwani. Alielewa, akarudi nyuma. Mbodze alibaki palepale sakafuni, na kilio alichokizuia muda wote huo kikamtoka, kilio kikubwa cha msiba, kile kinachowaita majirani. Nilishuka nikamkumbatia, tukalia sote wawili.

Alipoweza kusema, alimtazama binti yake.

"Mpigie baba yako mdogo Garama, Mercy. Mwambie Mramba amefariki."