Heshima ya Nanyama Nyumbani Misikhu

Nanyama alipata habari ya uprofesa asubuhi moja, ukungu wa Kitale ungali umelala juu ya mahindi. Kipruto, mkuu wa idara ya Kiingereza, alimkuta mlangoni pa darasa, akamshika mkono na kuutikisa mpaka chaki ikaanguka. "Profesa," akamwita. Nanyama alilisikia neno hilo kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto, akageuka nusu kutazama ni nani.

Mwaka ule idara yao ilikuwa imebarikiwa. Sally alituzwa kwa mashairi yake, naye Kipruto akachaguliwa kuongoza chama cha walimu wa fasihi. Picha zao zilitundikwa ukutani karibu na ofisi. Nanyama alipita chini ya picha yake kila siku, na aliiona kama ya dada fulani wa kuheshimika, asiyemjua vizuri.

Heshima aliyoingoja haikuwa ya chuo. Ilikuwa ya baba yake, mzee Jairus wa Misikhu. Mzee hakumkataza kusoma hata siku moja, wala hakuwahi kumsifu. Alipofaulu darasa la nane, aliambiwa, "Vizuri. Ng'ombe wamekunywa maji?" Alipopata shahada ya udaktari, "Vizuri. Huko Kitale mvua imenyesha?" Usingizini Nanyama humwona mzee akipalilia, amempa mgongo. Humwita, sauti isitoke, mahindi yakainama tu kwa upepo.

Basi mama yake, Fridah, alipopiga simu kusema kuna kuku Jumamosi na aje na wenzake, Nanyama aliuliza, "Baba mwenyewe amesema?"

"Ni yeye. Mimi nimebeba maneno tu."

Walikwenda watatu, Nanyama, Sally na Kipruto. Mezani palikuwa na ugali na kuku wa kienyeji. Kwa Wabukusu, firigisi ya kuku ni ya mwenye boma. Zamani mwanamke hata kuku hakumla. Siku hizi anamla, lakini firigisi bado ina mwenyewe, na watoto hujifunza mapema kuiona na kutoiona. Mzee Jairus aliitoa ndani ya mchuzi, akaiweka peke yake kwenye kisahani, katikati ya meza. Kisha akasimama kuomba.

Maombi yalikuwa marefu. Yalipitia shamba, yakapitia wagonjwa, yakaingia serikalini. Kipruto ni mzaliwa wa Kachibora, na kwao firigisi ni nyama kama nyama nyingine. Alifumbua macho mapema, njaa inamuuma, akaona kisahani kiko karibu. Aliitikia amina mdomo ukiwa umejaa.

Hakuna aliyesogeza sahani. Mukhisa, kaka yake Nanyama, ndiye aliyesema, "Mwalimu, unajua umekula nini?"

"Si kuku? Iko tamu, bana. Ngumu kidogo tu."

Sally aliuficha uso kwenye kitambaa. Mzee Jairus aliketi polepole.

"Hiyo nilikuwa nimemwekea Nanyama," akasema.

"Nanyama?" Mukhisa akauliza. "Baba, si hiyo ni yako?"

"Ni yangu. Kwani nikitaka kumheshimu mtu, nimpe kitu cha jirani?"

Kipruto aliacha kutafuna. "Mzee, nisamehe. Kwetu hiyo hata watoto wananyang'anyana."

"Meza, mwanangu. Ukitema ndio itakuwa mbaya zaidi."

Nanyama hakucheka wala hakulia. Nyumba ilionekana kupanuka, sauti za watu zikaenda mbali, kama anazisikia akiwa chini ya maji. "Nilikuwa nimemwekea." Hakuwa ametia kitu kinywani, na alishiba.

"Mukhisa, kamata yule jogoo mwekundu," mzee akasema.

"Baba, huyu aliye mezani anawatosha wageni."

"Nani amekuuliza kama anawatosha?"

Mukhisa alitoka akikunja suruali. Kipruto alimfuata bila kuambiwa, na punde wakaonekana wakizunguka migombani, mmoja huku, mwingine kule, jogoo akipita katikati yao bila haraka. Fridah na Sally walisimama kibarazani wakiwaelekeza na kuwacheka.

Nanyama alisogeza kiti karibu na cha baba yake.

"Ati huko chuoni," mzee akasema, "unawafundisha nini hasa?"

Hakuwa amewahi kuuliza. Nanyama alianza kumweleza taratibu, tangu mwanzo, huku jogoo bado anakimbizwa.