Alama yangu chini ya kidaraja cha Eli

Naandika hii nimekaa ukingoni mwa mtaro, na akili bado inakataa. Eli. Elibariki wetu, fundi wa kuchomelea, mgombea wa uenyekiti wa mtaa wetu hapa Elerai. Homa ya siku tatu tu, jamani. Jana tumemzika kwao Kikatiti.

Wengi mmeshaandika mazuri yake. Mimi naandika ukweli, na anayetaka kuniblock aniblock tu. Nilimwonea wivu huyu mtu tangu siku ya kwanza.

Alikuja gereji kwetu kufagia. Darasa la saba, kandambili miguuni, mama yake anauza ndizi Kikatiti sokoni. Mimi tayari nilikuwa fundi, nina cheti changu cha chuo cha ufundi, nimekitia kwenye fremu kabisa.

Haujaisha mwaka, bosi akaanza kumpa Eli chasi za magari ya watalii. Mimi nikabaki na mageti ya watu wa Njiro. Nilinuna wiki nzima. Yeye akadhani naumwa, akaniletea mtori kwenye chupa ya chai. Nikaunywa wote na bado nikanuna.

Kwa msiojua kazi zetu: pale gereji kila fundi ana alama yake. Anaiweka kwa chini, mahali mwenye gari haangalii. Gari likirudi limepasuka, bosi analala chali anaangalia, anajua amwite nani. Ya Eli ilikuwa nukta mbili. Yangu ni mistari mitatu mifupi. Kuweka alama ya mwenzako ni ugomvi mkubwa.

Sasa huu mtaro. Mvua zikinyesha huko mlimani, maji yanashuka hapa kwa kasi, watoto wanashindwa kuvuka kwenda shule. Aliyekuwa anapiga kelele juu ya mtaro huu kila mchana tukila ni mimi. Hata kidaraja nilikichora mimi, juu ya boksi la vipuri. Eli anatafuna tu, anasikiliza.

Jumamosi moja akaniambia bosi amemruhusu kuchukua mabaki ya keria za magari, twende tukakitengeneze. Nikamwambia nina harusi.

Sikuwa na harusi yoyote. Nilikaa nyumbani naangalia mpira, roho inaniuma, maana niliona wazo langu linaibwa mchana kweupe.

Jumatatu watoto wanavuka. Kina mama wakimwona Eli wanamwita mheshimiwa. Mimi hakuna aliyeniita chochote.

Ndipo wazee wa mtaa wakamwambia achukue fomu. Nilimuuliza, tena kwa ubaya kabisa, na hilo darasa la saba lako utaenda kusema nini kwenye vikao? Akavua miwani ya kuchomelea, akanijibu taratibu.

"Gody, mama alikuwa ananivusha mto mgongoni niende shule. Mvua ikizidi, nabaki nyumbani. Ndiyo maana hata kusoma nasoma kwa kuungaunga. Kidaraja kimoja nimeweza kwa vyuma vya bosi. Vingine vinataka mtu mwenye muhuri."

Nikarudi kwenye geti langu. Na wivu ukazidi, maana hata sababu yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Mimi hicho kiti nilikuwa nakitamani ili mashemeji zangu wa Njiro waache kuniita fundi geti.

Kura za maoni za chama akapita. Ijumaa ya wiki iliyopita akanitumia meseji. Nainakili kama ilivyo: "Gody Jumapili ijayo saa kumi nafungua kampeni pale kwenye kidaraja. Mimi maneno hayatoki. Mtaro unaujua wewe. Utanisemea?"

Niliisoma. Tiki za bluu hizi hapa naziona. Sikujibu, kwa sababu nilitaka aniombe mara ya pili.

Jumamosi hakuonekana kazini. Nikawaambia vijana, ameshaanza uheshimiwa. Jumatatu bosi akasema Eli ana homa kali, nikasema nitampitia kesho. Jumanne asubuhi mke wake akapiga simu.

Na jana msibani, Mungu anisamehe, nilikuwa bado na wivu. Magari ya watalii aliyoyachomelea yalijipanga barabarani hadi nikaacha kuhesabu. Madereva wazima wanalia. Nikajiuliza, nikifa mimi itajaa hata Noah moja?

Leo asubuhi nikaja hapa kwenye kidaraja. Nitasema na hili: nilikuja kutafuta kosa. Nilitaka nione kona moja aliyoichomelea vibaya, nipate angalau kitu kimoja nilichomzidi. Nikashuka mtaroni na suruali ya kanisani, nikalala chali.

Hakuna kona mbovu. Katikati, kwa chini, kuna nukta mbili. Na pembeni yake kuna mistari mitatu mifupi.

Alama yangu, Eli. Kwenye kazi ambayo sikushika hata grenda. Uliiweka Jumamosi ileile niliyokudanganya, ukakaa kimya mpaka unakufa.

Nimelia humu mtaroni mpaka watoto wakaja kunichungulia.

Nimekujibu meseji yako sasa hivi. Imebaki na tiki moja. Nimeandika, ndiyo, nitakusemea.

Wazee wamesema watu waje hivyo hivyo leo saa kumi, tukukumbuke hapa hapa. Nitasimama mimi. Nitawaambia kuhusu mama yako na ule mto, na mitaro iliyobaki. Ila nitaanza kwa kuwaambia kwamba siku ile sikuwa na harusi.

Lala vizuri, fundi.