Siti ya Mbele ya Stauti

Harufu ya kiti cha gari kilichoshinda juani hunirudisha nyumbani kuliko picha yoyote. Mwaka jana nilikuwa Tunduma, nimekalia ndoo ya rangi nje ya gereji, nikisubiri lori, wakati fundi alipofungua mlango wa pikapu kuukuu iliyotelekezwa uani. Hewa ya ndani ikanipiga usoni: rexini ya moto, petroli, jasho la watu wa zamani, na chini ya vyote hivyo, kwa mbali, vumbi la pamba. Nikasimama bila kujua nimesimama.

"Dada, unalijua gari hili?" fundi akaniuliza.

Nikamjibu kwamba ninalijua kama ninavyomjua mama yangu. Akacheka, akidhani ninatania.

Ninyi mnaonisoma sitawatania. Gari hilo kwetu liliitwa Stauti. Jina la kampuni liliandikwa mgongoni kwa herufi kubwa, na mimi nilijifunza kusoma kwa kufuatisha herufi hizo kwa kidole kabla mwalimu hajanishikisha chaki. Lakini hakuna aliyelitumia. Wazee walisema tu "la Mjapani", kwa sauti ile ile waliyotumia kumsifu dume jipya zizini.

Lilikuja miaka ile ya ruksa. Kabla ya hapo pamba yetu ilikaa ghalani ikisubiri lori, na lori nalo lilikuwa na mambo yake. Kisha ikasemekana kila mtu anaweza kununua, kuuza na kuleta kitu chake kutoka nje. Mjini Bariadi vikaanza kuonekana vitenge vyenye rangi ambazo hatukuwa na majina yake, redio za kaseti, na wanunuzi wa pamba waliokuja na mizani zao wenyewe. Siku hizo Simiyu haikuwa mkoa, ilikuwa jina la mto tu. Baba aliyaangalia hayo yote kwa msimu mmoja. Msimu uliofuata akapeleka ng'ombe mnadani, akaenda Mwanza, akarudi na Stauti la rangi ya maziwa, limebandikwa kiooni karatasi ya maandishi ya Kijapani. Alikataza tusiibandue. Alisema ndiyo cheti chake cha kuzaliwa.

Sasa niwaeleze kosa la Baba, maana habari yote imesimama hapo. Ng'ombe aliowauza walikuwa wa mahari ya dada yangu Minza, aliyekuwa ameolewa Lalago. Kwetu ng'ombe wa mahari hawaguswi ovyo. Wanakaa kwanza, mpaka ndoa itulie, kwa sababu ndoa ikivunjika wanatakiwa kurudi walikotoka. Kwa kawaida hutumika kumwolea mke kaka wa bibi harusi, lakini sisi hatukuwa na kaka. Baba akaona ng'ombe wamekaa bure, hawamsubiri mtu. Hakukumbuka kwamba walikuwa wanamsubiri Minza mwenyewe.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Kwa kuwa mali yote hulala zizini, Stauti nalo lililala zizini, ndani ya uzio wa miiba, pamoja na maksai wetu wa kulimia na ng'ombe wachache wa maziwa. Ng'ombe walilipenda. Walijikuna kwenye bodi mpaka milango ikawa na mikwaruzo ya pembe, wakang'oa kioo kimoja cha pembeni, na kila asubuhi tulikuta boneti limelambwa likang'aa. Majirani waliopita walisalimia kwa makusudi.

"Mwadila, mwenye gari!"

"Mwadila," Baba alijibu, huku akifuta tairi kwa kanga ya Mama.

Hakujua kuendesha. Akalikabidhi kwa kijana mmoja aitwaye Shija, kwa masharti yale yale ambayo watu wetu huweka ng'ombe kwa rafiki: wewe tunza, kunywa maziwa, ndama ni wangu. Shija akanywa maziwa kweli. Alibeba dagaa kutoka Lamadi, akapeleka watu Nyashimo kwenye sherehe, akarudi na miwani mipya ya jua. Ndama hatukuwaona. Baba alipouliza, Shija alisema gari bado changa.

Kisha Minza akaja kwa miguu kutoka Lalago.

Alifika jioni, mkono mmoja ameufunga kwa kitambaa, akakaa chini kando ya kinu. Mama aliufungua mkono ule taratibu, akauangalia, akaufunga tena. Haikuwa mara ya kwanza mume wake kumpiga, ila ilikuwa mara ya kwanza kuonekana kwa nje. Kesho yake baba mkwe wake akafika na wenzake wawili. Walikuwa watu wa heshima, walikunywa maziwa, wakauliza habari za mvua. Mwisho mzee yule akasema hana ugomvi. Binti akitaka kubaki kwao, abaki, wao warudishiwe ng'ombe wao. Baba akaonyesha zizini kwa kidevu, akasema wanaweza kulichukua gari.

Mzee akaliangalia Stauti kwa adabu kabisa.

"Mkwe," akasema, "sisi tulileta ng'ombe. Hatukuleta tairi."

Akaongeza kwamba baada ya msimu wa pamba ukoo wake utahama na mifugo kwenda Rukwa kutafuta malisho. Ng'ombe wakirudi kabla ya hapo, sawa. Wasiporudi, Minza atahama nao. Rukwa kwetu wakati ule ilikuwa kama kusema mwezini. Waliokwenda huko tulisikia habari zao tu.

Minza akasimama, akafunga kanga yake, akawafuata. Mama alimsindikiza mpaka mwisho wa shamba, na mimi nyuma yao. Sikusikia waliyoongea ila moja, kwa kuwa Mama alilisema kwa sauti, kama anayetaka mashamba nayo yasikie:

"Usifungashe vyombo vya Rukwa. Ninakuja kukuchukua."

Asubuhi iliyofuata Mama aliingia zizini na kumkuta Shija anajaza maji kwenye rejeta.

"Shija, mwanangu, vua miwani nikuone macho," akamwambia. "Kuanzia leo wewe si mchungaji, ni mwalimu. Nifundishe hiki chombo."

Shija akacheka mpaka akashika tumbo. "Mayu, mama yangu, hili si jembe!"

"Ndiyo maana nimekuita. Jembe ninalijua."

Baba alikuwa mlangoni, amesikia kila neno. Akageuka, akaingia ndani. Tangu siku hiyo hakupanda Stauti wala hakulizungumzia. Lilikuwa linapita mbele yake kama mgeni ambaye hawajatambulishwa.

Mama alijifunzia kwenye shamba la pamba lililokwisha kuvunwa. Alivua viatu, akasema mguu unatakiwa kuisikia klachi. Alilisemesha gari kama alivyowasemesha maksai wakati wa kulima: alilitaja kwa jina, alilikaripia, aliliahidi mapumziko. Lilipozima alisema, "Sawa, pumua." Lilipowaka alilisifu. Watoto wa kijiji kizima walijipanga ukingoni, na Shija akikimbia pembeni akipiga kelele, "Kanyaga! Achia! Mayu, achia!" Siku aliyoingiza gia ya tatu na kuzunguka shamba bila kugonga kichuguu, wanawake walipiga vigelegele, na Shija akavaa tena miwani yake ili tusione kwamba na yeye amefurahi. Leseni aliitafuta baadaye.

Msimu ule wote nilikaa katikati, mbele, kati ya Mama na mlango ambao haukufungika vizuri mpaka ufungwe kwa kamba. Kazi yangu ilikuwa kuishika kamba ile. Sitawahi kuwa na cheo kikubwa kuliko hicho. Tulibeba pamba za majirani kuzipeleka kwa wanunuzi mjini, tukarudi na chumvi, mabati, wagonjwa waliopona. Nyuma magunia yalipanda hadi yakaonekana kama nyumba inatembea. Waliokuwa wanasema mwanamke ataliua gari wakaanza kusema Mjapani hafi. Mama hakujali lipi wanasema. Alikuwa na jambo moja kichwani. Kila alichopata, mara kinapotosha, alikipeleka mnadani akarudi na mtamba, amemfunga nyuma ya Stauti kwa kamba, anaendesha taratibu kama anayesindikiza maharusi. Hakujinunulia hata kanga. Honi hakupiga kamwe, alisema inakula betri. Na kila alipokuwa anamwingiza mtamba mpya zizini alinong'ona, "Minza."

Mwisho wa msimu alibaki ng'ombe mmoja tu kupatikana, na mzigo mmoja wa mwisho wa kubeba. Mvua ikawahi.

Anayejua udongo wetu mweusi wa mbugani anajua ninachosema. Ukikauka ni saruji, ukilowa ni gundi. Tulikuwa tumevuka nusu ya mbuga tu, turubai limefungwa juu ya pamba, wakati Stauti lilipokaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Mama akatoka, akazunguka, akachomeka matawi chini ya tairi, akarudi ndani, akakanyaga. Tukazama zaidi. Shija akasema tupakue, tusubiri jua. Mama akasema pamba ikilowa hakuna wa kuinunua, na watu wa Lalago wameshaanza kufunga mizigo. Akanigeukia.

"Holo, kimbia nyumbani. Mwambie baba yako alete maksai."

"Akikataa?"

"Hukunisikia nilivyosema? Mwambie alete maksai."

Nilikimbia, tope likinivua kiatu kimoja na baadaye kingine. Baba alikuwa amekaa barazani, anaangalia mvua. Nilipomwambia alinyanyuka. Alichukua nira na mnyororo wa plau, akatembea mbele yangu bila kofia. Alipofika alilizunguka gari, akapiga magoti ndani ya tope, akafunga mnyororo kwenye bampa. Kisha akanyanyuka, tope hadi kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze akasogelea dirisha la dereva.

"Mama Minza," akasema, "washa gari."

Mama akawasha. Likashika mara moja, katikati ya ile mvua. Baba akawaita maksai kwa majina, Mama akaliita Stauti kwa jina, na mimi na Shija tukasukuma. Vyote vikavuta pamoja. Tope likatoa sauti kama ya mtu anayebanduliwa midomo, na gari likatoka.

Nimehangaika sana duniani tangu hapo. Shule niliiacha mapema. Nimeuza dagaa Lamadi, nimepikia wachimbaji Chunya, nimepanda malori kwa sababu tu sikujua yanaishia wapi. Kila nilipokutana na mtu wa magari niliuliza habari za Stauti. Mwagizaji mmoja Dar es Salaam aliniambia kwamba kampuni ile, kabla haijafikiria gurudumu, ilikuwa ya mashine za kufumia nguo. Nilikaa nikalitafakari hilo siku nzima. Pamba yetu ilipanda mgongoni kwa mjukuu wa mashine ya nguo, nasi tulidhani hawajuani.

Pamba ile ya mbugani ilipouzwa na ng'ombe wa mwisho kupatikana, tulikwenda Lalago jua lilipokausha njia. Baba aliwatanguliza ng'ombe kwa miguu, na Mama akafuata nyuma kwa Stauti, gia ya kwanza, njia nzima. Baba mkwe aliwakagua mmoja mmoja. Akasimama kwa mtamba wa mwisho, akampapasa mbavu.

"Huyu amekonda."

"Amekonda kwa kutembea," Mama akajibu kutoka dirishani. "Mwanangu alikonda kwa kukaa."

Mzee akainamisha kichwa. Akawapungia vijana wake wawaingize zizini.

Minza akatoka na kifurushi kidogo. Vyombo hakufungasha. Mama akafungua ile kamba ya mlango, akaniangalia, akasema, "Shuka, mpishe dada yako." Nilishuka. Nikapanda nyuma na Baba, ambaye alikuwa anapanda gari lake kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na nikanuna kuanzia Lalago hadi nyumbani. Nilijiambia kwamba mimi ndiye niliyeshika kamba msimu mzima, mimi ndiye niliyekimbia mbugani nikapoteza viatu, na malipo yangu ni vumbi. Mbele, Mama alikuwa anapiga honi. Alipiga kwenye kila kijiji tulichopita, mfululizo, betri ikaenda kwa raha zake, na watu wakatoka nje kuona nani ameketi pale.

Walimwona Minza. Kioo kimeshushwa, kiwiko nje, mkono ule ule wa kitambaa.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshafukuzwa na nimeshakimbia kwingi, ndipo nilipoelewa. Sikupokonywa kitu siku ile. Siti ile ilikuwa ya Minza tangu asubuhi Mama alipovua viatu shambani. Mimi nilikuwa nimeazimwa tu, niishikie kamba, nisiache mlango ufunguke kabla mwenyewe hajafika.