Vioo Sita vya Kwihara

Aliyemchoma Lukumani kwa mara ya kwanza alikuwa mteja tu, karani wa reli aitwaye Anselm, wala hakukusudia ubaya wowote. Alikuja asubuhi na mchumba wake kwenye duka la picha la Lukumani, mtaa wa Gongoni, wanataka picha ya kumpelekea mama yake huko Usoke. Lukumani aliwasikia tangu barabarani, viatu vya ngozi na ndara, akasimama mlangoni, akajinyoosha kanzu.

"Karibuni ndani," alisema. "Mtakaa kitini au mtasimama?"

"Shikamoo, fundi," Anselm alijibu, kisha akakohoa kidogo. "Samahani, Mama Maua yupo? Tungependa atupige yeye."

"Marahaba. Yupo," alisema Lukumani, na sauti yake haikutetereka hata kidogo. Akamwita mkewe, Mwanajuma, kutoka uani. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la wateja, ndani ya duka lake mwenyewe, akasikiliza jinsi Mwanajuma alivyowachekesha wale vijana, jinsi alivyovuta pazia, jinsi alivyobonyeza. Tangu siku ile akawa anawahesabu wanaomwulizia mkewe.

Mwaka huo ndio Malkia alitawazwa kule Uingereza, na hapa Tabora bendi zikapigwa siku nzima. Lukumani alikuwa na mwaka mmoja tangu macho yake yafe kabisa. Kazi ya picha aliijua tangu kabla ya vita, alipofundishwa na Mgoa mmoja, Mhindi wa Goa, aliyekuwa na duka karibu na stesheni. Mgoa aliporudi kwao alimwachia kamera kubwa ya mbao yenye miguu mitatu, na kwa miaka kumi na mitatu mji mzima ulipita mbele yake: maharusi wa Kiarabu, wanakwaya wa Kimoraviani, masista, machifu na wake zao. Kisha kiza kikaanza pembeni. Kwanza ilikuwa kama moshi kandokando ya macho, baadaye akawa anawaona watu kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na mwisho tundu lenyewe likazibika. Daktari alimwambia kwamba mishipa ya nyuma ya macho imekufa, hakuna miwani wala kisu kitakachoifufua.

Hakulia. Alirudi nyumbani, akamwita mkewe, akamwambia, "Mama Maua, sasa wewe ndiye macho yangu."

Akamfundisha. Alifunga kamba chini ya jicho la kamera, akaipiga mafundo matatu. Fundo la kwanza likigusa pua ya mtu, unapata uso. La pili, mtu aliyekaa. La tatu, aliyesimama mzima. Alimfundisha kulipima jua kwa ngozi ya shavu. Chumba cha giza, ambamo vioo vya picha husafishwa kwa dawa, alibaki nacho mwenyewe, kwa sababu mle ndani hakuna aliyemzidi. Wakati wengine hupapasa na taa yao nyekundu, yeye alijua kwa utelezi wa dawa kwenye kidole gumba kama kioo kimeiva, na kwa harufu alijua dawa ipi imechoka.

Mwanzoni Mwanajuma alimweleza kila kitu. "Bwana ana kovu shavuni. Bibi anacheka upande mmoja." Naye aliagiza: mgeuze bwana, mwambie bibi ashushe kidevu. Walifanya kazi kama mtu mmoja. Lakini siku zilivyokwenda maelezo yalipungua. Mwanajuma akaanza kubonyeza kabla hajaambiwa. Sifa zikaanza kuja, na zote zilipita juu ya kichwa cha Lukumani kwenda kwa mkewe. "Mama Maua, hii umeipiga!" watu walisema, wakiwa wamesimama pale pale mbele yake, wameshika picha aliyoisafisha yeye, picha ambayo yeye peke yake katika mji mzima hakuweza kuitazama. Alitabasamu. Ndani, roho ilimwuma kama jino bovu.

Mwezi wa nane, Veneranda, binti wa mzee Tobias wa Kwihara, alileta ombi. Baba yake alikuwa karibu na miaka themanini. Ujanani alikuwa mpagazi, amebeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo mara saba, na sasa hakuwa na nguvu ya kufika hata mjini. Veneranda alitaka apigwe picha akiwa nyumbani kwake.

"Nitakwenda," Lukumani alisema.

"Njia mbovu, Baba Maua," alisema mkewe. "Lori lenyewe linaishia njiani, kisha ni kutembea. Acha niende mimi, nitarudi kabla ya magharibi."

Alikwenda na kamera ndogo na vioo sita. Aliporudi alikuwa hatulii. Alivua ushungi akiongea, akamimina maji akiongea.

"Hujawahi kusikia kitu kama kile! Alikaa mlangoni mwa tembe, nusu ya uso juani, nusu gizani. Nikamwomba avue shati. Begani ana sugu, Baba Maua, kama nundu ya ng'ombe, imefanywa na mizigo. Nuru ikaingia ikaishika ile sugu tu. Nilitaka kulia."

"Ulipima kamba?"

"Sikuipima."

"Bila kamba utajuaje?"

"Niliona tu," alisema Mwanajuma. Hakumaanisha chochote, akaenda kupika.

Neno lile dogo Lukumani alilala nalo, akaamka nalo. Niliona tu. Kama mtu anayesema nilikunywa maji. Asubuhi mkewe alipokwenda sokoni, aliingia chumba cha giza, akapapasa rafu, akalipata sanduku la vioo vya Kwihara vilivyofungwa katika karatasi nyeusi, visiguswe na nuru kabla ya kusafishwa. Akatoka nalo uani. Akachuchumaa mahali ambapo jua lilimchoma utosi, akafungua karatasi, akavishika vioo kimoja kimoja kwa ncha za vidole, akavigeuza vielekee juu. Alisikia joto kwenye migongo ya mikono yake. Akahesabu taratibu mpaka ishirini kwa kila kimoja, kama fundi anayefanya kazi yake. Kisha akavifunga vizuri kama vilivyokuwa, akavirudisha rafuni, akanawa.

Mchana alivisafisha mwenyewe, Mwanajuma akingoja nje ya mlango. Akamtolea.

"Vyeusi," Mwanajuma alisema. Lukumani alimsikia akivigeuza kimoja kimoja. "Vyote vyeusi, Baba Maua. Hakuna kitu."

"Labda kamera ilivuja nuru," alisema Lukumani. "Au ulikosea kufunga. Kazi hii ina mambo yake, usijilaumu."

Alimwekea mkono begani akamtuliza, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi hakumwonea kijicho. Ilikuwa raha tupu. Baadaye, alipoisimulia habari hii, hakuwahi kuificha sehemu hiyo.

Mwanajuma aliamua kurudi Kwihara Jumapili. Ijumaa zikaja habari kwamba mzee Tobias amefariki.

Baada ya siku za msiba Veneranda alikuja dukani. Alisalimia kwa unyonge, akakaa benchini, akasema amefuata picha ya baba. Tena hawakuwa na nyingine. Maisha yake yote marehemu hakupigwa hata moja. Lukumani alisikia magoti ya mkewe yakigusa sakafu.

"Nisamehe, mwenzangu," Mwanajuma alisema, akilia. "Nimeziharibu. Zote sita. Nilijitia kujua kazi nisiyoijua. Mbele yako na mbele ya mume wangu naapa, sitaishika kamera tena."

Lukumani alikuwa ameshika ukingo wa meza. Hicho ndicho alichokitaka, na sasa kilikuwa kimelala miguuni pake, kinalia. Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu aliyemwona, na mwenye duka angerudi kuwa mwenye duka. Alisikia Veneranda akisema kwa upole, "Inuka, mama, ni mapenzi ya Mungu," na hapo akashindwa.

"Si Mungu, wala si yeye," alisema. "Ni mimi. Nilivitoa juani."

Barabarani baiskeli ilipita ikipiga kengele.

"Ulijua ni vioo vipi?" Mwanajuma aliuliza.

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe uliona."

Mwanajuma aliinuka. Alikwenda chumbani, akafungasha nguo zake katika kanga, na jioni ile ile akapanda treni kwenda Usoke kwa binti yao Maua. Hakuaga.

Veneranda alibaki benchini muda mrefu. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa kavu. "Kesho kutwa utakuja Kwihara, fundi. Wewe mwenyewe. Nitamtuma shemeji yangu Dionis akushike mkono. Watu wote husema uso huu ni wa baba, hata tabasamu la upande mmoja ni lake. Utanipiga mimi."

"Mama, mimi sioni."

"Hilo ungelifikiria pale uani."

Njia ilikuwa mbovu kama mkewe alivyosema. Dionis alimtangulia akiwa ameshika ncha ya fimbo. Kwa kukanyaga tu Lukumani alijua wameingia njia ya zamani ya misafara, maana ardhi ilikuwa imeshuka katikati na kushikana, ngumu kama sakafu. Alijikwaa mara mbili, na kamera akaishika kama mtoto.

Kwihara walimpokea kwa heshima ya kinywa. "Mwangaluka," bibi mmoja alimsalimia Kinyamwezi. Aliomba aonyeshwe mlango wa tembe. Akakipapasa kizingiti, akasimama pale pale, akageuza uso mpaka shavu moja likawaka na la pili likapoa. Akamwambia Veneranda akae hapo. Akavuta kamba mpaka fundo la kwanza likamgusa pua. Akaomba ruhusa, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akakigeuza kidogo, akasikia kwamba taya limekazwa kwa hasira.

"Niambie habari za baba," alisema.

"Kwa nini nikuambie?"

"Kwa sababu nitapiga kwa masikio. Sina kingine."

Veneranda alianza kwa kulazimika. Alisema jinsi mzee alivyokuwa akiamka kabla ya jogoo mpaka mwisho wa uhai wake, kwa mazoea ya safari. Alivyoimba nyimbo za wapagazi akipalilia karanga, na padri akimkataza, naye akizidi. Alivyowaita wajukuu waiguseguse sugu ya begani, akiwaambia hiyo ndiyo mali aliyotoka nayo Bagamoyo. Hapo sauti ya Veneranda ikacheka bila yeye kutaka, kisha ikakatika, na pumzi ikabaki imening'inia.

Lukumani akabonyeza.

Alipiga kioo kimoja tu, ingawa alikuwa na vitatu. Dionis alimwuliza kama imetoka, akajibu kwamba hajui. Nyumbani alikisafisha, akakikausha, akakiweka kwenye bahasha, akangoja. Hakumwonyesha mtu yeyote. Duka lilifungwa.

Mwanajuma alirudi siku ya ishirini na mbili, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuhamishia vioo kwenye kabati, kulitia kufuli na kuufunga ufunguo kwenye pindo la kanga. Lukumani alilisikia kufuli likijibana. Akampa bahasha bila neno. Mkewe akaingia chumba cha giza, akaichapa picha kwenye karatasi, akatoka nayo mlangoni penye nuru.

"Imetoka?" Lukumani aliuliza.

"Imetoka."

"Ikoje?"

"Umekata utosi kidogo."

"Na kingine? Mama Maua, nakuomba. Uso ukoje?"

"Hilo sikuambii," alisema Mwanajuma.

Na hakumwambia. Veneranda alipoipokea alilia kwa sauti, akaondoka bila kueleza. Nakala ya pili ya picha Mwanajuma aliitundika dukani, na watu waliosimama mbele yake walinong'ona, wengine walivua kofia. Lukumani alimwuliza Anselm. Anselm alisema ni mwanamke anayecheka. Alimwuliza Swaumu muuza vitumbua. Swaumu akasema ni mwanamke anayelia. Alikuwa amepata sifa aliyoililia, jina lake sasa lilitajwa mpaka Isikizya, na bado wivu haukumtoka. Uligeuka tu. Sasa aliwaonea kijicho wote waliopita mlangoni, hata mlevi aliyeyumba mbele ya ile picha na kuitazama bure.

Kazi waliigawana. Waliotaka Mama Maua walipigwa na Mama Maua. Waliotaka kuzungumza na fundi mpaka awasikie, wakapigwa na fundi. Mikono yao wote wawili ilikutana chumba cha giza.

Ulikuwa umepita mwaka na zaidi, alasiri moja ya kawaida, mkewe akichambua mchele, ndipo aliposema bila kuulizwa.

"Mdomo unacheka, Baba Maua. Bado haujapata habari kwamba macho yameanza kulia. Na nuru imeshika shavu moja tu."

Lukumani aliacha kusuka kamba aliyokuwa akiisuka. "Umeitazama mara ngapi?"

"Kila siku."

"Ningeweza, ningekunyang'anya hayo macho."

"Najua," alisema Mwanajuma, akacheka, akaendelea kuchambua. "Ndiyo maana nafunga kabati."

Alilifunga mpaka walipozeeka wote wawili. Lukumani hakuwahi kumwomba ufunguo.