Wanja wa Bibi Harusi

Nyumba yangu ya Mbwawa nimeijenga kwa jasho langu, na diploma yangu ya famasia niliisomea ughaibuni huku nikiosha vyombo hotelini. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo shangazi yangu aliponipigia simu kutoka Kibuta, akasema macho ya binti yake hayafunguki na harusi imekaribia, niliwasha gari nikijua jambo hilo naliweza.

Uani palijaa wanawake na wasichana, lakini palikuwa kimya. Hakuna aliyegeuka. Nilimwamkia shangazi, akaitikia marahaba akiutazama ukuta.

"Usinitazame, baba. Ugonjwa huu unapita machoni."

Mmoja alichambua mchele ameinamisha uso. Mwingine aliniletea maji ya kunawa akija kinyumenyume. Nimeishi miji mikubwa, lakini sikuwahi kuzungumza na migongo ya ndugu zangu.

Ndani, mapazia yameshushwa, bibi harusi alikaa mkekani, kope zimegandishwa na tongotongo. Kila niliposogea, uso wake ulinifuata kana kwamba ananiona. Kando yake kulikuwa na kikombe cha utomvu wa majani wa kumtia machoni.

"Kaka, nitaona tena?"

"Nani wengine wanaumwa?"

"Wasichana wasioolewa tu. Wanasema kuna mtu hataki tuolewe."

Niliangaza macho pale mkekani. Kisha nikaona kichupa cha wanja na kijiti chake kimoja.

"Nani amepaka huu?"

"Wote. Ukipaka wanja wa bibi harusi, na wewe unafuata kuolewa."

Nilimwaga utomvu nje. Shangazi akasema mlangoni, "Diploma yako ni ya vidonge, si ya mahasidi."

"Hasidi mwenyewe anakaa kwenye hiki kijiti, shangazi. Kijiti, taulo na mikono ndivyo vinavyoambukiza. Kutazamana hakuambukizi. Na majani hayo yangeunguza jicho."

Nilinawa kwa sabuni, nikachemsha maji, yakapoa. Nilimfuta kwa pamba, kila jicho na pamba yake, taratibu, mpaka kope zikaachana.

"Mara nyingi yanapona yenyewe," nilimwambia, "lakini usaha huu ni mzito. Leo tunakwenda hospitali Kisarawe, daktari aamue kama unahitaji dawa ya matone."

Hakunisikia. Alikuwa akitazama ile migongo ya uani kupitia mlango.

"Mbona watu wote hawana nyuso?"

Nilichuchumaa mbele yake, nikamtazama machoni bila kupepesa, shangazi akishuhudia. Nyuma yangu nikasikia khanga zikichakacha. Nilipogeuka, walikuwa wameanza kutugeuzia nyuso, mmoja baada ya mwingine, na macho ya wale wasichana yalikuwa mekundu.