Mrija Ulioingilia Mkononi

Nakumbuka siku tuliyokwenda kuposa Kisauni, mwanangu, nami kijana wa ndevu za kwanza. Msemaji wetu alikuwa Ami Hamadi, ndugu wa baba yangu. Maneno hayajafika mbali, akaomba ruhusa kwenda chooni. Akarudi, akaketi, akaomba tena. Mara ya tatu nikashindwa kujizuia, nikacheka mbele ya wakwe.

Njiani hakunigombeza. Aliniambia taratibu, "Ungeniuliza ningekwambia. Mkojo wanijia kwa nguvu, nikifika hautoki."

Hata hapo sikuuliza zaidi. Mwaka haukwisha, mkojo ukamziba kabisa, akapasuliwa tumbo, akalala hospitalini siku nyingi.

Sasa mimi ni babu wa watu hapa Mtongwe, na tezi dume yangu nayo ilikua hadi ikabana njia ya mkojo. Nilificha. Hata msikitini nilijipanga safu ya nyuma, karibu na mlango. Aliyenigundua ni mke wangu, Mwanaisha, aliponikuta nimeegemea ukuta wa choo, jasho lanitoka.

"Baba Fatuma, wangoja nini?" aliniuliza.

Nilikuwa naliona tumbo la Ami lililopasuliwa tu.

Hospitalini walinipima damu, wakanipiga picha, wakahakikisha si saratani. Vidonge vya mwanzo havikunifaa sana. Ndipo daktari, binti wa rika la Fatuma wangu, akanieleza njia isiyo ya kupasua: mrija mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa damu mkononi.

Nikamkatiza. "Ugonjwa uko chini, nyinyi mwaingilia mkononi?"

Akachukua karatasi, akanichorea mshipa unavyotoka kwenye kifundo cha mkono, ukapita kifuani, ukashuka hadi kwenye tezi. Huko mrija huachia chembe ndogo kama mchanga, zikaziba mishipa inayoilisha tezi damu, nayo ikanywea polepole. Nilimuuliza maswali hata chai yake ikapoa.

Siku yenyewe nilikuwa macho, nimetiwa ganzi mkononi tu, nikitazama kwenye skrini mrija ukitembea ndani ya mwili wangu. Wallahi sijaona ajabu kama ile. Jioni nikarudi nyumbani. Siku za kwanza nilisikia moto nikikojoa, lakini wiki zilivyosonga, mkojo ukafunguka.

Njia hiyo haimfai kila mtu, mwanangu. Daktari ndiye atakayekwambia yako ni ipi. Ila ukiona mkojo wasita, usione haya, nenda ukapimwe mapema, na usiogope kuuliza hata swali la kitoto. Mola akuzeeshe na siha yako, akupe na nyumba isiyoficha maradhi.