Nilivyouguzwa Bawasiri na Mama Mkwe

Bawasiri zangu nilizipata kihalali. Mchana niliendesha lori la kubeba mawe ya dhahabu kutoka machimboni hadi kwenye karasha la kuyasaga, kwenye kiti kilichobaki vyuma vitupu. Jioni nikaenda kusomea kidato cha nne kwenye mabenchi yaliyochongwa, nadhani, na mtu aliyewachukia watu wazima. Mtihani nilifaulu. Makalio yakafeli.

Daktari pale Geita alinieleza njia zote kwa upole. Zikiwa ndogo na ziko ndani, hufungwa kwa kimpira, zikakosa damu, zikanyauka na kudondoka zenyewe. Ipo na mashine ya kuzivuta juu na kuzibana, ila hiyo ningeifuata Mwanza.

"Mimi nataka kimpira," nikamwahi.

Akatikisa kichwa. Zangu zilikuwa zikitoka nazirudisha kwa kidole, na moja ilishahamia nje kabisa, mahali ambapo ukifunga mpira mgonjwa atapiga kelele mpaka Chato. "Hizi ni za kukata, baba."

Nikakatwa. Ganzi ya mgongo ilipoisha nikajua wamesahau kisu ndani, na msumeno pia.

Mke wangu alikuwa amejifungua juzi tu. Mtoto hata sijamshika. Kwa hiyo aliyekuja kuniuguza ni mama mkwe, aliyekuwa ametoka Kagongwa kumhudumia mzazi. Kwetu Wasukuma mama mkwe hatazamwi usoni, sembuse kuambiwa unaumwa wapi. Akatandika kanga sakafuni, miguuni pa kitanda changu, akanipa mgongo. Kushoto ukuta, kulia dripu, mbele mama mkwe. Kulala chali siwezi, kukaa siwezi, kukimbia ndiyo kabisa.

Asubuhi daktari akapita. "Umepata choo?" Sauti yake ilisikika Geita nzima.

"Bado."

"Bila choo hutoki hapa."

Ukweli nilikuwa nakizuia. Dawa ya kulainisha nilikunywa, kisha nikauma meno nikakizuia, huku mwanangu nyumbani akizoea sauti za watu wengine.

Mama mkwe hakusema nami. Alisema na jirani yangu wa kitanda, mchimbaji aliyevunjika paja, mguu wake umening'inizwa kwa kamba.

"Mwambie huyo baba anywe uji."

"Mama anasema unywe uji."

"Mwambie nimeshiba."

"Ameshiba, mayu," mchimbaji akamwita mama kwa Kisukuma.

"Mwambie binti yangu alichanika, akashonwa, na chooni akaenda. Yeye anaogopa nini?"

Mchimbaji akacheka mpaka kamba zikalia. "Shemeji, na hilo nalo nilifikishe?"

Nikateremka kitandani. Chooni nikakuta beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, la kukalia nikimaliza; mama mkwe alishaliandaa. Nikajifungia, nikang'ang'ania bomba la ukutani kama mtu aliyefukiwa ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Jasho lilinitoka ndoo nzima. Kutoka siwezi, kuendelea siwezi.

Kisha nikasikia sauti karibu kabisa na mlango, na mchimbaji hayupo wa kufikisha.

"Baba, unahema?"

"Nahema, mama."

"Usijikamue. Kiache kije chenyewe."

Nikakiacha. Kilipokuja nililia kwa sauti, bila aibu. Mama mkwe hakungoja niseme neno. Nilisikia ndala zake zikikimbia koridoni.

"Mwiteni daktari!" aliita wodi nzima isikie. "Baba amepata! Aandikiwe ruhusa, ana mtoto wa kumshika!"